Dawa ya Mihogo

Kwetu Ziwani neno dawa halikumtisha mtu. Mikorosho ikishikwa na ukungu tuliipulizia salfa, tukaiita dawa, na korosho zikashika. Mtu mwenye mkono mzuri wa kupiga dawa alisifiwa kijiji kizima, na Mama alikuwa mmoja wao.

Baba alipofariki, ndugu zake waligawana mikorosho. Mama akabakiwa na shamba la mihogo. Nyonga ilishaanza kumsumbua na jembe la palizi linamshinda, lakini kuhamia kwangu mjini, Rahaleo, alikataa katakata. Alisema mwenye mihogo yake hapigi hodi kwa mtu. Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili bwana shamba aliitisha mkutano kueleza dawa ya magugu. Alisema kweli tupu: inaua kila jani bichi, ipigwe kabla ya kupanda. Kisha, kwa kutaka kuwachangamsha watu, akaongeza kwamba huko ng'ambo wataalamu wameibadili mbegu ya ngano kutoka ndani, katika chembe zake za urithi, hata ukiimwagia dawa hiyo shamba zima, magugu yanakufa, ngano inabaki. Watu wakacheka kwa mshangao. Mama aliondoka na hilo la mwisho tu: magugu yanakufa, zao linabaki. Na kwa nini asiamini? Dawa zote alizozijua zilikuwa upande wa mkulima.

Akaagiza chupa mjini bila kuniambia, akaazima bomba la mgongoni. Alilijaza nusu nusu kwa sababu ya nyonga.

Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta shamba zima limekuwa rangi ya majani makavu. Magugu yamelala, mihogo imelala nayo, na ilikuwa bado michanga, haina cha kuchimbua. Upande mmoja ilikuwa imekauka mpaka mashina. Nikamuuliza kulikoni huko.

"Hiyo niliirudia, mwanangu," alisema. "Niliiona inastawi kuliko mingine, nikaiongeza dawa."

Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Bwana shamba hakudanganya. Hao wa ngano hawakujua kama kuna Ziwani. Nikabaki kuikasirikia lugha yetu wenyewe, inayokiita dawa kinachoponya na kinachoua.

Mvua zilikuwa zinakatika, hapakuwa na kupanda tena. Mama hakulia. Alifunga nguo zake ndani ya kanga, akafunga mlango, tukaondoka. Hatujafika barabarani jirani yake akamwuliza safari ya wapi.

"Nakwenda kula vya watu," akajibu.

Watu hao walikuwa mimi, mwanawe wa kumzaa, nimesimama ubavuni pake na mzigo wake kichwani.