Mgongo wa Nyuma ya Pazia

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Kulipambazuka na baridi, na upepo wa mashariki ulikuwa ukipeperusha vumbi pamoja na nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori. Mpaka saa nne jua lilikuwa halijapata nguvu.

Huo ndio msimu ambao migongo ya watu wa Bariadi huumia kuliko msimu mwingine wowote. Pamba huchumwa kwa kuinama, hushindiliwa, hubebwa kichwani, na ikifika kwenye mzani hushushwa na kupandishwa tena. Kwa hiyo benchi la nje ya kliniki ya Dastan lilikuwa limejaa tangu asubuhi, wengi wao wanawake. Dastan mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ameinua mguu wa kulia wa mgonjwa, hajui hata chembe kwamba muda si mrefu atatamani ardhi ipasuke immeze.

Dastan ni mtu wa Nassa, kando ya ziwa. Alisomea fiziotherapia, ile kazi ya kurudisha viungo kwa mazoezi, kisha akafanya kazi Mwanza kwa daktari mmoja wa kigeni aliyekuwa akinyoosha uti wa mgongo kwa mikono mitupu. Wenyewe huiita kairopraktiki. Bariadi jina hilo halikupata wa kulitamka. Watu walisema tu, "Naenda kwa mnyoosha mgongo."

Yule daktari alipofunga na kurudi kwao, Dastan alimwambia mke wake, Lukresia, kwamba hatatafuta tena kuajiriwa. Wangefungua chao, na wangefungua Bariadi, mahali penye migongo mingi na hakuna wa kuishughulikia isipokuwa wauza dawa za kuchua sokoni. Akahangaika na vibali mpaka viatu vikaisha soli. Kitanda alikiagiza kwa fundi Athanasi, akamchorea na tundu la kuingiza uso ili mgonjwa alale kifudifudi bila kupinda shingo. Athanasi aliutazama mchoro ule muda mrefu.

"Dokta, samahani," akasema. "Hili tundu ni la choo?"

Bango nalo lilikuwa na kisa chake. Mchoraji aliambiwa achore uti wa mgongo, akachora kitu chenye miiba pande zote mbili. Wiki nzima watu walikuwa wakiingia na vikapu kuulizia kama sangara wamefika.

Hayo yote Dastan aliyacheka. Kilichomnyima raha ni kwamba wanawake hawakuwa wakija. Wanaume walikuja: madereva, wapakiaji wa pamba, wachungaji waliorushwa na ng'ombe. Lakini wanawake, ambao ndio waliokuwa wakishinda wameinama shambani, walifika mlangoni, wakamwona mwanamume mwenye mikono mipana, wakasalimia, wakageuza. Mmoja, Domitila, mkulima wa pamba mwenye mdomo usio na breki, ndiye aliyemweleza waziwazi.

"Dokta, mgongo unaniua. Ila mume wangu akisikia umenishika kiuno, atakayehitaji kunyooshwa ni wewe."

Lukresia ndiye aliyepata dawa. Alishona pazia zito, akalitundika kukizunguka kitanda. Mgonjwa mwanamke alipokelewa na yeye, akavuliwa na yeye, akalazwa kifudifudi na yeye. Alifunikwa shuka mwili mzima na kitenge kichwani, pakaachwa wazi pale panapouma tu. Kisha Lukresia aligonga kitanda, na Dastan akaingia. Hata maswali hayakwenda moja kwa moja. Dastan alimuuliza Lukresia, Lukresia akamuuliza mgonjwa, mgonjwa akamnong'oneza Lukresia, na Lukresia akatoa jibu, ingawa wote watatu walikuwa wakisikiana vizuri. Kwa mgeni ingeonekana mchezo wa kuigiza. Kwa wanawake wa Bariadi ilikuwa heshima, na benchi likajaa.

Dastan akaanza kujivunia utaratibu ule kama vile ameubuni yeye. "Mimi sijui uso wa mgonjwa wangu mwanamke hata mmoja," alikuwa akiwaambia watu. "Najua migongo tu." Lukresia alipomwomba amfundishe walau kukanda, alimcheka. "Wewe shika mlango, Mama Specioza. Mikono niachie mimi."

Sasa, siku hiyo ya Jumanne. Mgonjwa aliyekuwa kitandani alikuwa mama mtu mzima ambaye Lukresia alimtambulisha kwa jina la Ng'washi, kutoka upande wa Mwanhuzi. Alikuwa amekuja mara ya kwanza wiki iliyopita, akiwa amepinda kiasi kwamba alitembea akitazama vidole vyake. Dastan aliuliza yote anayouliza siku zote: kama maumivu humwamsha usiku, kama miguu hufa ganzi, kama alianguka, na mama akajibu kwa mnong'ono uliomfikia Lukresia peke yake. Akapapasa mfupa kwa mfupa, akaridhika kwamba ni misuli iliyokakamaa na nyonga iliyojifunga, akafanya kazi yake. Mama yule aliondoka akiwa amenyooka nusu. Leo alikuja kwa nusu iliyobaki.

"Muulize kama anasikia kuvuta," Dastan alisema. Kiganja kimoja kilikuwa kimekaa juu ya kiuno cha mgonjwa, mkono mwingine umeshika goti na kuinua paja polepole.

"Anasikia, lakini anavumilia," Lukresia akajibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Dastan hakutilia maanani.

Nje, pikipiki ilisimama. Mtu akasalimia benchi zima kwa sauti ya machungani. "Mwangaluka!"

"Mwangaluka!" wanawake wakaitikia.

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Dastan alimtambua. Alikuwa Mayige, kaka yake Lukresia, mfugaji wa Mwanhuzi, mtu asiyejua kunong'ona.

"Shemeji yangu yuko ndani?" Mayige aliuliza. "Mwambieni nimekuja kumchukua mayu. Ameshanyooshwa, au bado?"

Kwa Kisukuma mayu ni mama. Ndani ya pazia Dastan alicheka kidogo. "Mayige!" akapaza sauti. "Mayu yupi? Mayu wetu atafanya nini huku?"

"Mayu yupi tena, shemeji? Mama yetu, aliyemzaa mke wako! Nyumbani wameniambia yuko kwako tangu asubuhi. Hayumo?"

Kwenye benchi shingo zote ziligeukia mlango.

Dastan alimtazama Lukresia. Lukresia alitazama chini. Dastan akashusha macho kwenye mikono yake mwenyewe, mmoja kiunoni, mmoja chini ya goti.

Ni vizuri kueleza mambo yalivyokuwa. Tangu aoe, Dastan hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Kwa familia ile mkwe wa kiume na mama mkwe hukwepana. Akimwona anakuja njiani, mama alitoka njiani akaingia shambani mpaka kijana apite. Walisalimiana ukuta ukiwa katikati. Hawakula chombo kimoja, na Dastan hakuwahi hata kulisikia jina lake la utotoni, kwa sababu jina hilo hatajiwi mkwe. Ng'washi. Lukresia alikuwa amemtajia wazi tangu siku ya kwanza, naye, asiyelijua, akapita juu yake kama jiwe la njiani.

Kuruka kando hakuweza. Nyonga ilikuwa katikati ya kufunguka, na paja lile likiangushwa ghafla misuli ingekaza yote kwa mara moja, na kazi ya wiki nzima ingeharibika, pengine na mgongo pamoja nayo. Kuachia ni kumvunja mama mkwe. Kutokuachia ni kuendelea kumshika. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Akafumba macho, akaushusha mguu ule taratibu kama anayetua yai juu ya mwamba, na ulipogusa kitanda alirudi nyuma mpaka akalipiga pazia, pazia likakatika upande mmoja. Akatoka kwa mlango wa nyuma, mikono ameitanua mbali na mwili kama aliyemwagikiwa mafuta ya taa.

Kule mbele midomo ilifunguka.

"Yesu na Maria!" Domitila ndiye aliyeanza. "Kamshika mkwewe?"

"Kiuno, dada. Kiuno!"

"Na wiki iliyopita pia alikuja, nilimwona mimi."

"Basi hapa hakuna pazia. Kama hamjui mama mkwe wake, atajuaje kama humo ndani yumo mama yake mzazi?"

Wakainuka, mmoja anasema amesahau maziwa motoni, mwingine anasema mgongo umepoa wenyewe. Benchi likabaki na Domitila peke yake, ambaye kwa vyovyote asingeondoka kabla ya mwisho.

Lukresia alimfuata mumewe nyuma ya nyumba, akamkuta ameinama kwenye ndoo anasugua viganja.

"Umeniua," Dastan alisema. "Umeniua mbele ya watu. Kesho hata Nassa watajua. Nani ataleta mkewe hapa tena?"

"Ningekuambia ungemshika?"

"Nisingemshika!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

"Ungempeleka hospitali!"

"Alipelekwa. Akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike. Baba Specioza, umeona mtu wa kupumzika Mwanhuzi? Nilikuomba unifundishe ukasema nishike mlango. Haya, mlango nimeushika. Nikamwingiza mama yangu."

Mayige naye alifika, kofia mkononi. Alikuwa amekwisha kuelewa alichokifanya kwa sauti yake, na uso ulikuwa wa mtu aliyeona chui zizini. "Mbuzi," akasema. "Lazima mbuzi atoke, shemeji. Tena mweupe, wa kutakasa. Mimi sijawahi kusikia jambo kama hili tangu nizaliwe. Kiuno?"

"Mayige!"

Sauti ilitoka kwenye dirisha dogo la chumba cha matibabu. Wote watatu waliruka. Dastan aligeuka haraka, akatazama ukuta wa jirani, kama desturi inavyotaka.

"Mbuzi atanipandisha mlima wa kisimani?" mama yule aliuliza kutoka ndani. "Muache ale majani. Baba Specioza."

"Naam," Dastan alijibu, akiongea na ukuta.

"Mimi nilijua ni wewe. Usimgombeze mwanangu. Nilimwambia anifunike kitenge, nikaingiza uso kwenye tundu lile, nikasema nikifa kwa aibu nitakuwa nimeshainamia kaburi."

Domitila, aliyekuwa amejisogeza mpaka pembeni ya nyumba, aliziba mdomo asicheke.

"Mwaka jana ulikuja Mwanhuzi wakati wa mavuno," mama aliendelea. "Nikakuona unakuja njiani. Nikataka kutoka njiani nikupishe. Mgongo ukakataa. Nikabaki katikati ya njia nimepinda kama jembe, wewe ukapita kando ukidhani ni kibibi cha mtaani, ukanisalimia. Unakumbuka?"

Dastan alikumbuka. Alikuwa amesema shikamoo, akapita.

"Ile ndiyo aibu niliyoilia," mama alisema. "Mkwe ninayeshindwa kumkwepa, nitamheshimu kwa kitu gani? Nataka mgongo wa kutoka njiani. Nusu umenipa. Kesho nakuja tena au narudi nilivyokuwa?"

Dastan aliitazama mikono yake. Viganja vilikuwa vimeiva kwa kusuguliwa. Akili ya kazi ilimwambia kwamba nyonga ile, ikiachwa hivyo, itajifunga tena kabla pamba haijaisha shambani. Akili nyingine ilimwambia kwamba akimgusa tena, safari hii akijua, hatakuwa na pa kuficha uso wake.

"Siwezi, mama," akasema mwishowe, karibu kwa kulia. "Nisamehe. Mikono yangu siwezi."

"Nimesikia," mama akajibu. "Umesema mikono yako."

Dirisha likafungwa. Domitila alimtazama Lukresia, kisha akatazama mikono ya Lukresia, asiseme kitu. Kwake hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote ya siku ile.

Mayige alimwacha mama yake alale kwa ndugu upande wa pili wa mji. Siku nzima hakuna mgonjwa mwingine aliyekanyaga. Dastan alikaa kwenye kiti cha mapokezi, anashtuka kila pikipiki ikipita, na mara kwa mara anageuza viganja na kuvitazama kana kwamba ameazimwa.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, upepo ulikuwa umetulia. Lukresia alipofika kufagia alikuta pazia limeshatundikwa upya, na mume wake amesimama kando ya kitanda, shati amelivua.

"Nawa mikono," alimwambia.

"Ya nini?"

"Mama yako anakuja saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi hatuna muda. Nawa, na upashe viganja joto."

Alipanda kitandani, akaingiza uso kwenye tundu la Athanasi. Kwa mara ya kwanza aliona wanachokiona wagonjwa wake: saruji yenye ufa, ncha ya pazia, na vidole vya miguu ya mke wake vikisogea karibu na kusita.

"Nikikuvunja?" Lukresia aliuliza.

"Leo unakanda na kuinua mguu tu, mifupa haikuhusu. Nitasimama nje ya pazia nikuambie. Anzia chini ya mbavu. Hapo. Usikandamize, sikiliza kwanza. Unasikia panapokataa?"

Mikono ilitulia mgongoni mwake, ikashuka kidogo, ikarudi.

"Hapa," alisema Lukresia.

Dastan alishtuka, kwa sababu hapo hasa ndipo palipokuwa pakimuuma tangu jana.

Nje, benchi lililia. Mtu alikuwa amekaa. "Hodi humo," ilikuwa sauti ya Domitila. "Nimewasikia. Kumbe leo ni mikono ya mwanamke. Mimi nipo wa kwanza, au mama mkwe ana foleni yake?"

"Ngoja," Dastan alijibu kutoka ndani ya tundu. "Bado ananinyoosha mimi."