Kucha Ndani ya Goti

Semeni wa Choma, juu ya mji wa Morogoro, alikuwa mwanamke wa kushika neno, akilishika halichomoki. Tangu usichana alishusha ndizi sokoni kichwani, lakini goti lilipovimba hakulaumu mikungu. Alimlaumu mdogo wake, Pili.

Uluguruni ardhi hufuata tumbo la mama. Mama yao alipofariki, shamba la mtoni likamwangukia Semeni, mkubwa. Pili akanung'unika, na mwezi haukupita goti likajaa. Mganga akalipiga chuku, akafyonza damu kwa pembe, akatoa kipande cha kucha, akasema zimebaki nyingine ndani, na aliyezitupa humo kwa uchawi ni wa damu moja. Basi. Tangu hapo Semeni hakula cha Pili wala kuitikia shikamoo yake.

Miaka ikaenda. Biashara ilipoachiwa huru, hospitali za watu binafsi zikachipuka mjini kama uyoga, na moja ikaleta mashine ya kuona ndani ya mwili. Mwana wa Semeni, Mwinjuma, muuza mitumba, akajitolea kumpeleka. Mwinjuma alitaka mama apone. Mama alitaka ushahidi.

Daktari Laurenti alimpaka gotini mafuta ya ubaridi, akapitisha kidude taratibu. Kwenye kioo pakatokea weusi na weupe.

"Kucha ziko wapi?" Semeni akauliza.

"Kucha gani, bibi?"

"Wewe tafuta tu, mwanangu."

Daktari, Mungu ambariki, hakucheka. Alilizunguka goti zima, mbele, pembeni, mpaka nyuma.

"Haya meusi ni maji," alisema. "Na hapa gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Ni mizigo, bibi, na kuteremka mlima. Kingine hamna."

Akampa picha. Semeni akarudi nayo mlimani. Wengine hupata nafuu wakiambiwa hawakurogwa. Yeye moyo ulimwuma kuliko goti, kwa aibu. Alipofika Choma hakwenda kwake. Alipitiliza hadi kwa Pili, aliyekuwa uani akimenya ndizi.

"Shikamoo, dada," Pili alisema kwa mazoea, bila kungoja jibu.

"Marahaba."

Kisu kikasimama. Semeni akamnyooshea picha.

"Goti langu hilo, kwa ndani."

Pili akafuta mikono kwenye khanga, akaipokea. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga.

"Na mimi niko wapi humu?"

"Haumo, mdogo wangu," Semeni akasema, akalia, wala hakusingizia goti.