Mimba ya Usoni

Bishara mnamjua, hata kama jina lake hamlijui. Ni yule mwanamke mwembamba anayeuza maziwa soko la Garsen mvua zikinyesha, na ukame ukiingia anauza mikeka. Hakai mbele na wenzake. Hukaa nyuma kidogo, mtandio umevutwa mpaka karibu na macho, na ukimuuliza bei anakujibu huku akiuangalia mkeka. Watu husema ana maringo. Hana. Hebu kaeni niwaeleze.

Anaishi nje ya mji, kabla hujafika Idsowe, na mama mkwe wake Abdia na watoto watatu, wa kwanza Abdullahi. Mumewe, Dukicha, ukame ukikaza huteremka na ng'ombe mpaka upande wa Golbanti kufuata nyasi. Mwaka wa mkasa huu aliwaachia nyumbani ng'ombe mmoja tu wa kukamwa, mwekundu, jina lake Dima. Chai ya nyumba nzima ilimtegemea huyo.

Uzazi wa mtoto wa tatu ulikuwa mbaya. Bishara alitoka damu mpaka wakaanza kumsomea dua. Alipopona, daktari aliwaambia yeye na mumewe kwamba mwili huu upumzike, mimba nyingine ya karibu inaweza kumuua. Dukicha alisikiliza vizuri, akasema, "Mungu ndiye ajuaye," akaenda kwa ng'ombe wake. Bishara naye alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya kupanga uzazi, akavishonea ndani ya mto wa kulalia. Hakumwambia mume, wala mama mkwe, wala shoga.

Basi vidonge vikafanya kazi yake. Lakini baada ya muda uso ukaanza kubadilika. Madoa mapana yalitokea mashavuni, yakapanda kwenye paji, yakashuka juu ya mdomo, rangi ya chai iliyokolea. Hayakuuma wala hayakuwasha. Yalikaa tu pale, kila mtu ayaone.

Asubuhi moja Abdia alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Bishara."

"Labeka, mama."

"Uso huu naujua. Mimi nilikuwa nao nilipombeba Dukicha, na kwa dada yake nilikuwa nao zaidi." Akatabasamu mpaka mapengo yote yakaonekana. "Mbona umenificha?"

Bishara alivuta mtandio. Akainamisha macho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa watu wake, mwanamke mwenye adabu hajitangazii mimba. Huinamisha macho, wakubwa wakajisomea wenyewe. Aibu ya Bishara, aibu ya mtu aliyeshikwa na siri, ilikuwa na sura ileile ya adabu. Abdia aliisoma, akaridhika.

Adhuhuri haijafika, jirani yao Kadra alikuwa anajua, na Kadra akijua jambo, Garsen imejua. Jioni Abdia akampigia Dukicha. Sauti ya Dukicha ilipiga kelele kwenye simu, "Alhamdulillahi! Mama, mtunze! Maziwa ya Dima yawe yake kwanza!"

Na yakawa yake kwanza. Kila asubuhi Abdia alikama, akamjazia kikombe mpaka ukingoni. Kilichobaki kiliwagusa watoto midomo tu. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi, akasema, "Maziwa siku hizi yananivimbisha tumbo." Lilikuwa tumbo lililokunywa maziwa tangu kuzaliwa kwake. Siku moja Bishara alimsogezea mtoto mdogo kikombe kisirisiri, Abdia akamwona.

"We! Huyo ameshakula zamu yake. Unamnyima mwenzake aliye tumboni?"

Akanywa. Mwanamke mzima, amekaa mbele ya wanawe, anakunywa maziwa ya bibi kizee kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo. Kila funda lilishuka kooni kama kitu cha wizi. Aliapa kwamba kesho atasema. Kesho ikifika, Abdia anakuja na kikombe na lile tabasamu lake la mapengo, na ulimi unakufa.

Akaona afadhali ayafute madoa yenyewe. Sokoni alinunua kikopo cha krimu ya kung'arisha kwa muuza vipodozi mmoja, akajipaka. Hakuwaza kwamba uso ukisafika ghafla, Abdia atadhani mimba imeharibika, na badala ya furaha kutakuwa na kilio. Aibu haikupi nafasi ya kufikiri mbali. Mwanzoni uso ulimeremeta. Kisha ngozi ikawa nyembamba, nyekundu, jua likiigusa inawaka kama pilipili, na madoa yakarudi meusi kuliko mwanzo.

Kadra alipomwona sokoni alipiga makofi. "Yarabi! Mimba hii ina moto, shoga! Huyo ni dume, anakupika akiwa humo ndani!"

Wanawake wakacheka. Bishara naye akacheka nao, na hicho kicheko ndicho kilichomshinda. Aliiacha mikeka palepale, akaenda moja kwa moja zahanati kwa muuguzi, sista Maurine, aliyempa vidonge mara ya kwanza. Akavua mtandio, akamwonyesha uso, akamtolea na kile kikopo.

"Umepaka nini?" Maurine aliuliza. Akakinusa kikopo, akakiweka mbali. "Hii tunaanza kuiacha leo. Nitakupa ya kutuliza, maana ukiikata hivihivi uso utazidi kuwaka. Lakini madoa hayakuanza na krimu. Yalianza na vidonge."

"Vidonge vinaingia tumboni, sista. Vimefikaje usoni?"

"Vina homoni. Homoni inatembea na damu, inapita kila mahali. Ila haisikiwi kila mahali. Inasikiwa na seli zenye vipokezi vyake tu. Tumbo la uzazi linavyo. Na zile seli za ngozi zinazotengeneza rangi, nazo zinavyo."

Bishara alifikiri. "Kama kumwita Dima," akasema. "Ng'ombe wote wana masikio, lakini ukisema Dima, anayeinua kichwa ni mmoja."

Maurine akacheka. "Hivyohivyo! Sasa mimba ikiingia, huita hizo seli za rangi kwa nguvu. Kidonge nacho kinaita kwa jina lilelile. Seli haiulizi nani ameita, inaitika tu, inamwaga rangi. Jua nalo linaongeza. Si kila mwanamke, lakini za kwako zina masikio mepesi."

"Na krimu?"

"Ina dawa kali, nayo ina vipokezi vyake kwenye ngozi. Ngozi iliitika kwa kukonda."

Maurine akamweleza kuhusu kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi, kisicho na homoni yoyote, na kwamba ajikinge na jua. Madoa yatapungua polepole, pengine yasiishe yote. Bishara alikubali yote, lakini hakuinuka.

"Sista, nyumbani wanajua nina mimba."

Maurine akatikisa kichwa. "Hiyo, dada yangu, sina dawa yake."

Jioni hiyo Abdia alikuja na kikombe. Bishara alikipokea, akakiweka chini.

"Mama, sina mimba."

"Imetoka?" Abdia alishika kifua.

"Haikuwahi kuwepo. Ninakunywa dawa ya kuzuia, nimeishonea ndani ya mto. Tangu ile damu. Dawa ndiyo iliyoleta haya ya usoni. Nimekunywa maziwa yako, mama, na nilijua."

Abdia alikaa kwenye kigoda. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga kelele.

"Siku ile ya damu," alisema mwishowe, "nani alikushika miguu?"

"Ni wewe."

"Nani alifua zile nguo?"

"Ni wewe, mama."

"Na mimi ndiye wa kufichwa?" Sauti ilimkatika. "Ungeniambia, ningekushonea mimi huo mto."

Bishara alilia, na hakuwa na uso wa kuinua. Abdia alijitanda leso yake. "Naenda kwa Kadra. Mimi ndiye niliyetangaza. Nitasema nimezeeka, nimesoma uso vibaya."

"Hapana, mama. Usijitwike langu. Sema nilinyamaza."

"Basi mwenzako mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwongopea mwanangu."

Bishara akapiga simu. Alisema yote kwa mkupuo, asije akarudi nyuma. Upande wa pili alisikia ng'ombe tu.

"Nimewaambia watu wote huku," Dukicha alisema.

"Najua, baba Abdullahi."

"Watanicheka."

"Najua."

"Na mama anakunywa chai ya rangi?"

"Ndiyo."

Hilo lilimuuma kuliko mimba. Alivuta pumzi mpaka Bishara akaisikia. "Ungeniuliza."

"Daktari alikwambia mbele yangu. Ulisema Mungu ndiye ajuaye."

"Nilisema hivyo," akajibu, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nitakuja tuongee. Usimwambie mtu mwingine kabla sijafika."

"Mama ameshaenda kwa Kadra."

Dukicha akaguna, nusu hasira nusu kicheko. "Basi huku kwetu hata ndama watakuwa wameshasikia."

Alikuja, wakaongea, na kitanzi kikawekwa naye amekaa kwenye benchi la nje akiyaangalia mabango ukutani kama mtu asiyejua kusoma. Madoa yamefifia kiasi. Lakini mpaka leo, sokoni, mama mgeni humwangalia uso akamuuliza kwa wema, "Mwezi wa ngapi, dada?"

Bishara huvuta mtandio. Uso humwaka upya, si kwa krimu. "Si mimba," husema, akiuangalia mkeka. "Ni ngozi tu." Naye anakaa akisubiri huyo mama aondoke, au anunue.