Shemeji Aliponiambia Nikubali Vyuma vya Wizi

Walionisukuma kizimbani ni watatu: mteja, koplo na shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Majina siyaandiki, lakini wakisoma hapa watajijua.

Mimi huchomelea mageti Kariobangi. Mteja aliniletea vyuma akitaka geti la ploti yake, nikavikata. Kabla sijapaka rangi, koplo wa polisi akaingia. Vyuma, akasema, vimeng'olewa kando ya barabara, vile vya kuzuia magari yasitumbukie mtoni. Nikampigia mteja. Simu imezimwa, na mpaka leo haijawashwa.

Kituoni koplo alinisomea haki zangu kwa haraka ya mtu anayeombea chakula akiwa na njaa: nina haki ya kunyamaza, nikisema kitu kitaandikwa, naweza kuwa na wakili. Halafu akanisogezea kiti, akauliza kwa upole, "Haya fundi, ilikuwaje?"

Sasa wewe niambie. Sisi mafundi wa jua kali tunaishi kwa kueleza. Mteja akija kuulizia geti lililochelewa, unamweleza: stima ilipotea, mashine iliungua, nilifiwa. Fundi akinyamaza, watu wanajua amekula pesa. Kumnyamazia mtu mzima aliyenipa kiti niliona ni kukosa adabu. Nikaeleza hata ambayo hakuuliza, kwamba vyuma vile vilikuwa vizuri kuliko tunavyoletewa siku zote. Hilo koplo aliliandika polepole, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi shemeji akanikuta kortini. Aliwahi kufagia ofisi ya wakili, kwa hivyo sheria anaijua.

"Shem, kubali tu," akanong'ona. "Sema ni kweli, hakimu akuhurumie, jioni tuko nyumbani."

"Na nikikataa?"

"Utaonekana jeuri. Utaozea rumande."

Kwamba kosa lile lina kifungo cha miaka, hakuligusia. Labda sehemu hiyo ya ofisi hakuifagia.

Karani akasoma shtaka. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Kiongozi wa mashtaka akasimama, akasoma jinsi nilivyopokea vyuma nikijua kabisa ni vya wizi. Hakimu akaniuliza kama maelezo hayo ni kweli. Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameniinulia dole gumba.

"Kuvikata ni kweli, mheshimiwa. Kujua ndiko si kweli. Nilidhani vimetoka kwa jengo lililobomolewa."

"Basi umekana."

"Sijakana, mheshimiwa. Naeleza tu."

Watu wakacheka. Hakimu akaandika kwamba nimekana, akasema niko huru kupewa dhamana, na kabla ya kesi kusikizwa nipewe maandishi ya mashahidi nisome. Kumbe haki zilikuwa zimekaa pale zikingoja mtu akatae.

Shemeji hakunidhamini. Alisema mimi sishauriki. Aliyenidhamini ni mama anayeuza chai mbele ya karakana yangu.

Kesi ikazunguka. Faili ikipatikana, koplo yuko likizo. Koplo akirudi, faili haionekani. Mwishowe shahidi kutoka idara ya barabara akaulizwa vyuma vile ni vya barabara gani. Akavigeuza, akasema vyuma vyote hufanana. Hakimu akasema sina kesi ya kujibu, niende.

Nje, shemeji akanikumbatia mbele ya watu. "Ungenisikiliza, ingeisha siku ile ile."

Hapo hakudanganya. Ingeisha, yeye apande gari la kurudi kwake Pumwani, na mimi nipande lile lenye nyavu madirishani.