Wimbo Uliopigwa Polepole

Mama yangu alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno. Aliuimba kwa pua akitwanga sombe, majani ya muhogo, mbio mbio, mchi ukimfuata. Akifika mwisho anaanza tena, mara tatu, kisha kimya. Ulikuwa wimbo wa baba yangu. Baba alikuwa askari mzungu, mmoja wa wale wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa waliowekwa Kalemie muda mfupi baada ya uhuru. Hakuwa Mbelgiji, kwao ni Irlande, yaani Ayalandi, na alipuliza filimbi ndogo ya bati. Mama aliwauzia mikate. Mimba ilipoonekana, kaka yake alimpeleka Manono kwa aibu, na huko ndiko nilikozaliwa, na ngozi hii ambayo watoto wenzangu waliifanyia mzaha mpaka nikajifunza kupigana.

Mama hakumlaumu kwa kuondoka. Askari wanaondoka, alisema. Kilichomuuma ni kimoja tu: "Angalau angeuliza niko wapi. Angeuliza tu." Aliyasema hayo hata siku za ugonjwa wake wa mwisho. Mimi nilimchukia yule mtu kwa ajili yake. Nilimchukia sana.

Mwaka uliofuata kifo chake, bado ni Zaire na kila mtu anaitwa sitwayeni, yaani raia, nilipanda lori mpaka Kabalo, kisha treni, nikaenda Kalemie kununua chumvi na ndagala, dagaa wa ziwani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mjomba, huyo huyo kaka yake Mama, aliyenilea na kunilipia minerval ya shule. Ukweli ni kwamba nilitaka kuusikia ule wimbo ukipigwa. Mama alinisimulia kwamba kila Jumapili askari wale walikaa duara na vijana wa kambi ya reli, wakapiga muziki bila jukwaa wala kiingilio.

Nilizunguka siku tatu. Ukiulizia muziki Kalemie, unapelekwa baa yenye magitaa ya rumba. Nikisema si huo, wananipeleka kwenye mazoezi ya chama, watu wanakata viuno kumsifu Rais. Mama mmoja muuza ndagala alicheka mpaka akashika mbavu.

"Muziki ya wazungu wa zamani? Weye unatafuta muziki ao unatafuta baba yako?"

Nilimjibu vibaya. Mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Hata hivyo alinipimia ndagala, akaongeza kiganja kimoja, akasema kuna wazee wanakutana Jumapili baada ya misa, nyuma ya nyumba za reli. "Sikiliza akodeo, utafika."

Niliwakuta wanne: mmoja na akodeo, kinanda cha kuvuta na kusukuma, wawili na likembe za kupiga kwa vidole gumba, wa nne akigonga kreti ya bia kwa vijiti. Nilikaa kwenye tofali pembeni. Kila wimbo waliurudia mara tatu, kisha wakaingia mwingine bila kupumzika. Nilimuuliza mwenye kreti kwa nini tatu.

"Wale waliotufundisha walifanya vile," alisema. "Siye tulifuata tu."

Kisha wakaanza mmoja wa polepole, mzito, wa kusindikiza jeneza. Mara ya kwanza sikuutambua. Mara ya pili mkono wangu ulianza kutwanga hewa. Mara ya tatu nilisimama, nikawapigia kelele watu wazima: "Munaharibu! Huu si wimbo wa kulia! Ni wa mbio!"

Mzee wa akodeo alifunga chombo chake. Akaniangalia uso, akaangalia mikono, akarudi usoni.

"Nani alikuambia ni wa mbio?"

"Mama yangu. Aliuza mikate hapa."

"Hapana. Mama wa mikate alikufa. Yeye na mutoto tumboni."

"Mutoto njo miye," nilisema. "Mama tulimuzika mwaka jana."

"Yesu Maria." Akaweka akodeo chini. Alipoanza kusimulia, hakunitazama tena.

"Siku moja mama yako hakuja na mikate. Ule muzungu alimutafuta kote: sokoni, misioni, hospitali. Alikuwa anauliza kila muntu. Halafu kaka ya mama yako alikuja hapa, akatuambia dada yake amekufa na mimba yake, muzungu aache kusumbua watu. Tuliamini, nani ataongopa kifo cha dada yake? Miye njo nilimuambia. Alikaa pale penye ulikuwa umekaa. Akachukua filimbi, akapiga ule wimbo polepole, mara tatu, akaenda. Tangu ile siku hatukuupiga tena mbio. Ni wimbo wa maziko ya mama yako."

Maziko! Na Mama yuko Manono, anatwanga, anaimba, anasubiri. Moyo ulinipasuka pale pale mbele yao.

"Aliitwa nani?" niliuliza.

Walitazamana. Mmoja wa wenye likembe akasema kwa aibu: "Siye tulimuita Filimbi."

Niliwaomba waupige mbio, mara moja tu, kama Mama. Walijaribu, wazee wa watu. Vidole vya akodeo vilikwama, likembe zikapotea, kreti ikabaki peke yake, kisha nayo ikanyamaza. Nikaumaliza mimi kwa pua, nikilia, kamasi na machozi pamoja, mpaka mara ya tatu.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Unisamehe, mwanangu." Nilimsamehe. Yeye nilimsamehe.

Nilifika Manono mchana. Mjomba alikuwa barazani, akaniona nikipita na mzigo kichwani, akaniita kwa jina, akauliza kama chumvi nimepata. Sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja makaburini, nikatua mzigo, nikapiga magoti.

"Mama," nilisema, "aliuliza."