Mteja wa Bugarama

Bernadetha alikuwa fundi cherehani mjini Ngara, akiishi na kushonea katika chumba kimoja cha uani kwa mwenye nyumba wake, Bi Swabaha. Mumewe, Kazimili, alikwenda Kahama kutafuta dhahabu. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye wakati wa sikukuu tu, mwishowe namba yake ikawa inapokelewa na mwanamke mwingine. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Ndugu za Bernadetha wa Bukiriro walimwita arudi nyumbani alime. Alikataa. Hakutaka wifi zake wamwone akishuka kwenye gari na begi lile lile aliloondoka nalo.

Mwaka 2015 Warundi walianza tena kuvuka mpaka wakikimbia machafuko ya kwao. Siku moja mama mmoja, mtoto mgongoni, aliingia kuomba mabaki ya vitambaa.

"Vya kumshonea mtoto?" Bernadetha aliuliza.

Yule mama akainamisha macho. "Ni vya kwangu mwenyewe."

Bernadetha alielewa. Alimjazia mfuko, na alipoondoka alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Wiki ile ile alianza kushona pedi za kitambaa, zile za kufua na kutumia tena: flaneli juu, taulo katikati, nailoni chini. Alizipiga picha, akaziweka Facebook.

Hakutegemea yaliyofuata. Watu wasiomjua, kutoka Mwanza, Dodoma, hata Mombasa, walimmiminia alama za vikopa vyekundu na pongezi. "Hongera dada." "Mungu akubariki." "Wanawake tunaweza." Aliyasoma maneno hayo huku uji ukipoa. Aliyajibu yote, moja baada ya jingine, na akajikuta anaoga mapema na kuvaa vizuri kabla ya kuiwasha simu, kana kwamba anakwenda kukaa na watu.

"Mwanangu, unacheka na nani humo ndani?" Bi Swabaha alimuuliza mlangoni.

"Shikamoo bibi. Ni wateja."

"Marahaba. Mbona siwaoni wakiingia?"

Ni kweli hawakuwa wakiingia. Mzigo wenyewe alimpa Anneth, muuza nguo anayezunguka minadani, akauuze Bugarama na vijiji vya karibu. Kila pakiti Bernadetha aliishonea kitambaa kidogo chenye namba yake ya simu. Mzigo wa kwanza uliisha haraka. Wa pili ukalala.

"Wananunua mara moja tu," Anneth alimweleza. "Ukiwauliza, wanasema nzuri, nzuri. Halafu hawarudi."

Bernadetha alijiambia kuwa tatizo ni hali ngumu ya maisha. Akaweka picha nyingine, akapata vikopa vingine.

Kisha ukaja ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoijua, bila picha. "Amahoro dada. Pedi zako zinavuja pembeni. Mimi nimeaibika kisimani mbele za watu. Nyeupe pia si nzuri, doa halitoki. Usinikasirikie."

Alikasirika sana. Aliandika maneno makali, akayafuta, akaandika mengine. Mwishowe hakutuma kitu. Lakini wakati wote alipokuwa anapiga pindo za sketi za shule, alimwona mwanamke asiye na sura amesimama kisimani, ndoo kichwani, wote wanamtazama. Wale wa Mombasa hawakuwahi kuzivaa pedi zake. Huyu alikuwa amezivaa.

Ndipo akamwandikia: "Pole sana dada. Inavujaje? Nieleze."

Aliitwa Ildefonsa Ndikuriyo. Alikuwa amevuka mpaka na kufikia kwa shangazi yake huko Bugarama. Aliandika Kiswahili cha kukwama, na alipokwama alitia Kirundi, ambacho Bernadetha, akiwa Mhangaza mwenye lugha inayofanana nacho, alikielewa bila shida. Alisema pedi inahama mtu anapotembea. Bernadetha akaongeza mabawa yenye kifungo cha kubana chini ya chupi, akamtumia kwa mkono wa Anneth. Ildefonsa akajibu kuwa sasa haihami, ila kifungo kinachoma paja. Akakisogeza. Wakaacha kitambaa cheupe, wakaingia kwenye kahawia na bluu iliyoiva. Ildefonsa akasema unene ule haukauki, maana kwa shangazi huanika ndani, chini ya kanga, wanaume wasione. Bernadetha akagawa pedi vipande viwili, cha ndani kikawa kinachomoka na kuanikwa peke yake.

Si kila alilosema Ildefonsa lilifaa. Aliwahi kutaka mfuko wa kuficha ufunguo, ukafanya pedi ionekane kama pochi, wakacheka siku nzima kila mmoja kwake. Lakini yote hayo yalikuwa kwa maandishi. Ildefonsa hakupenda kupiga simu wala kutuma sauti. Nyumba ya shangazi ilikuwa na masikio mengi.

Kutoka kwenye pedi walihamia mengine. Ildefonsa aliandika juu ya mume aliyebaki Muyinga na ambaye habari zake zilikatika. Bernadetha aliandika juu ya Kazimili, mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata mama yake. Ukurasa wa Facebook aliusahau.

"Njoo Ngara siku ya soko," alimwandikia siku moja. "Nitapika ndizi. Nitavaa gauni la kijani unijue."

Alipika. Alisimama nje ya soko tangu asubuhi, akiwatazama usoni wanawake wote waliopita, akitabasamu kwa wale wasiomhusu. Mchana alirudi nyumbani, akamgawia Bi Swabaha ndizi zile. Jioni ujumbe ukaingia.

"Nilikuona. Nilipita karibu, ningeweza kukugusa. Sikuweza, dada. Wewe unajua mwili wangu wote. Nilikuwa na shangazi. Angeuliza tumejuana wapi."

Bernadetha aliusoma ule ujumbe mara nyingi. Akajibu tu, "Haidhuru." Usiku ule hakula.

Baada ya muda Ildefonsa aliandikishwa kuwa mkimbizi na kupelekwa kambi ya Nduta, upande wa Kibondo. Ujumbe ukawa unafika kwa kuchelewa, siku mtandao ulipokubali. Huku nyuma pedi mpya zilikuwa zinatafutwa. Wanawake waliziulizia wenyewe kwa Anneth, wakiita "zile za vipande viwili." Shirika moja linalohudumia wakimbizi likapata habari, likamtuma ofisa wake, kijana mpole aitwaye Yohanes, aje kuziona. Walitaka zishonwe nyingi huko huko kambini.

"Ubunifu ni wako?" Yohanes aliuliza.

"Nusu ni wa mwenzangu. Yuko Nduta."

"Naye ni fundi?"

"Ni mteja."

Yohanes alitabasamu. "Mama, wateja wote hutoa maoni."

"Hawatoi," Bernadetha alisema. "Waliniambia nzuri, nzuri, wakaondoka. Huyu peke yake alikaa nami mpaka zikawa nzuri. Kama mnataka zishonwe kambini, mtafuteni yeye kwanza. Mfundisheni cherehani. La sivyo nitashona za sokoni tu."

Yohanes hakuahidi kitu, lakini alikuwa mtu wa kufuatilia. Kabla mvua za vuli hazijaisha Ildefonsa aliandika kwa herufi kubwa tupu kwamba ameitwa, amepewa cherehani, yumo katika banda la ushonaji pamoja na wanawake wenzake, na huko wanamwita mwalimu kwa sababu anajua mahali kifungo kinapochoma. Bernadetha alilia kwa furaha, akatoka uani kutafuta mtu wa kumsimulia. Bi Swabaha alikuwa amekwenda Biharamulo kwa mwanawe. Alirudi ndani.

Tangu hapo ujumbe ulipungua. Bernadetha akiandika barua nzima, jibu lilikuwa mstari mmoja. "Niko salama dada, kazi ni nyingi." Mara nyingine: "Tuna harusi ya mwenzetu hapa bandani, nitakuandikia." Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye shughuli na watu wa kula nao, na Bernadetha ndiye aliyemtafutia watu hao. Alijua hivyo, na hakujuta. Ila jioni zilikuwa ndefu.

Siku moja Ildefonsa alituma picha ya banda lao. Wanawake wamejaa, wengine wanacheka, mmoja amenyanyua mkasi juu kama bendera. Bernadetha aliikuza kwa vidole, akapita uso mmoja mmoja, akijaribu kukumbuka kama aliwahi kuuona ukimpita siku ile sokoni.

"Wewe ni yupi?" aliuliza.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. "Huyo wa nyuma, aliyeinamia cherehani. Sikujua kama wanapiga picha."

Alimtafuta, akamwona: kitambaa cha kichwa cha njano na bega moja, uso haukuonekana. Akaihifadhi ile picha, akavuta sketi iliyokuwa inasubiri, akaendelea kupiga pindo.