Mashimo Kumi na Moja ya Mwanaima

Mwanaima binti Chome wa Msambweni hakuwa na shamba la maana, hakuwa na mnazi hata mmoja wenye jina lake, na mumewe alikuwa amemwachia ujane tangu mwaka wa themanini na tisa. Mali yake ilikuwa baharini, na ilionekana siku chache tu kila mwezi. Ilikuwa mashimo kumi na moja ya pweza.

Usicheke. Mashimo hayo yalimlisha, yakamsomesha bintiye Subira hadi darasa la nane, yakamzika mumewe kwa heshima. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokupwa, saa nne asubuhi hivi, mwamba wa nje huonyesha mgongo, na wanawake hutembea juu yake, kapu begani, chuma cha kuchokolea pweza mkononi. Mgeni akifika pale ataona mawe na madimbwi. Mwenye mashimo yake huona mtaa mzima, na anajua nani anakaa nyumba gani. Shimo zuri halikai tupu. Ukimtoa pweza leo, ukaliacha jiwe la mlangoni kama ulivyolikuta, bamvua inayofuata au ile ya pili utamkuta mpangaji mpya amekwisha kuhamia. Ukilivunja, umelivunja na la mjukuu wako.

Kila shimo lilikuwa na jina. Kulikuwa na Jiko, Sahani, Mdomo wa Chewa, Kwa Shutu, na mengine, hadi la kumi na moja lililoitwa Uchaga, kwa sababu Bi Mejumaa, mamake Mwanaima, aliliweka kwa siku za njaa kama watu wanavyoweka mahindi juu ya uchaga. Mashimo hayakuandikwa popote. Mama alimwonyesha binti mmoja tu, tena magoti yake yakianza kuchoka. Bi Mejumaa alipompa Mwanaima, alimtembeza nyuma yake miaka mitatu kabla ya kumwachia chuma. Miaka mitatu ya kuinama pale anapoinama, kunyamaza pale anaponyamaza, na kupita kando pale anapopita kando.

Ilikuwa siri, na Mwanaima alijua kuitunza. Akiona mtu anamfuatafuata kwenye mwamba, aliketi juu ya jiwe akaanza kuokota makombe ya baharini kama mtoto, hata mfuasi achoke ende zake. Dada wa mumewe alimwandama hivyo mwaka mzima na hakuambulia hata shimo moja. Mwanaima alikuwa akiisimulia habari hiyo harusini, na akicheka mpaka leso inamdondoka.

Basi Subira aliolewa na Sefu, kijana mpole aliyekuwa akitunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Wiki ya pili baada ya harusi alimjia mamake.

"Mama, nami wanionyesha lini?"

"Nikuonyeshe nini?"

"Mashimo, mama. Wenzangu wanakwenda mwambani na mama zao."

"Mwanangu, mimi ningali na miguu," Mwanaima akamjibu, na akainyoosha yote miwili pale mkekani ili ionekane vizuri.

Tuseme ukweli, hakuwa mchoyo. Mchoyo hagawi pweza mtaa mzima kila Ijumaa. Alichokiogopa ni kile chuma kutoka mkononi mwake. Alimkumbuka Bi Mejumaa alivyokaa barazani baada ya kukabidhi, akiuliza kila anayepita kama maji yametoka, na maji yakitoka hana pa kwenda. Mwanaima alikuwa na miaka hamsini na ushei na hakutaka kuwa bibi wa barazani. Kwa hiyo akasema bado, na mwaka ukapita, na mwingine.

Agosti ya tisini na saba zikaja zile fujo za kisiasa huku pwani, watu wakauawa. Wazungu wakaondoka, hoteli ikafunga mageti, na Sefu akarudi nyumbani na reki aliyopewa kama kiinua mgongo. Subira alikuwa na mtoto mchanga, na jina la Mungu halimtoki kinywani. Akaomba mara ya pili. Mwanaima akampa pweza wawili wakubwa, akampa unga, akampa kila kitu isipokuwa alichoombwa.

"Mtoto angali ananyonya," alisema. "Mwamba si mahali pa mama mwenye mtoto mgongoni. Ngoja aachishwe ziwa."

Subira hakubishana. Alikuwa na jina lake, na maskini alilitendea haki.

Kisha mvua. Aliyekuwapo mwaka ule hahitaji kuambiwa, na ambaye hakuwapo hataamini. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, ikanyesha Desemba hadi Ramadhani ikaingia watu wanafuturu juu ya vitanda kwa sababu sakafuni kuna maji. Huko juu, kwenye vilima vya Kwale ambako miti ilikuwa imekatwa miaka na miaka kwa makaa na kwa mashamba ya mahindi, ardhi haikuwa na cha kuishikilia. Ikateremka na mito. Ramisi ikatapika, Mkurumudzi ikatapika, na bahari ya Msambweni ikawa nyekundu kama chai iliyochemshwa mara tatu. Bamvua ya Idd ndogo, Mwanaima alikuta tope limetanda juu ya Sahani na Jiko. Akalitoa kwa mikono, kiganja kwa kiganja, akilaani wachoma makaa ambao hajawahi kuwaona.

Machi jua likawaka kwa hasira. Bahari ikatulia tuli, bila hata upepo. Wanawake waliokwenda mwambani walirudi wakisema maji yana vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, na wengine waliona raha wakakaa ndani yake wakipiga soga. Mwanaima hakukaa. Aliitia miguu, akaitoa, akasema, "Haya si maji ya bahari."

Siku chache baada ya Idd kubwa, maji ya bamvua yalipotoka, mwamba ulikuwa mweupe. Matumbawe yote, yale ya kahawia, ya kijani, ya zambarau, yamekuwa meupe pepepe. Watu waliitana waje waone. Wengine walisema mwamba nao umevaa kanzu ya sikukuu. Ulipendeza, hilo hakuna atakayelikanusha, na Mwanaima mwenyewe alisimama kuutazama. Alikwenda Kwa Shutu, akakuta pweza mmoja amelegea. Akaenda Mdomo wa Chewa. Hakuna.

Alipotoka alimkuta bwana samaki, Abdurahman, kijana wa idara ya uvuvi aliyekuwa akipima maji kwa kipimajoto kilichofungwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie wewe uliyesoma, mwamba umepatwa na nini?"

Abdurahman akamweleza kwa adabu. Kwamba lile tumbawe si jiwe, ni kiumbe hai, tena lina vijidudu ndani yake vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto, vijidudu hutoka, nalo hubaki na njaa. Kwamba joto hilo halikuwa la Msambweni peke yake. Bahari yote imeshika homa mwaka huu. Na kwamba mwamba uliokwisha kusongwa na tope na kuvunjwavunjwa na nyavu za kukokota huwa hauna nguvu ya kustahimili.

"Sasa mkosaji ni nani?" Mwanaima akauliza.

"Ni wengi, mama. Wengine wako mbali sana."

"Na atakayeombwa radhi?"

Kijana akatazama kipimajoto chake.

Weupe haukudumu. Kufikia Juni mwamba ulikuwa umeota uchafu wa kijani, utelezi mtupu. Upepo wa kusi ukaja na mawimbi yake, na yale matumbawe yaliyokufa yakaanza kumomonyoka. Samaki walipopungua, wavuvi nao wakageukia pweza. Walivaa miwani ya kuzamia, wakashika mitalimbo, na wao hawakuwa na habari ya jiwe la mlangoni. Walipasua. Mwanaima alilikuta Jiko limegeuka kokoto. Usiku ule hakula, na Subira alipomuuliza kulikoni, akasema ni tumbo tu.

Hapo ndipo angesema. Kwa nini hakusema, hata yeye alijiuliza baadaye mara nyingi. Nadhani aliona haya. Kumkabidhi mtu nyumba ikingali nzima ni fahari. Kumkabidhi magofu ni aibu, na yeye alitaka kwanza mwamba upone kidogo.

Oktoba alianguka. Mguu uliteleza kwenye ule uchafu wa kijani, tumbawe likavunjika chini yake, na goti likapinduka. Wanawake walimbeba hadi ufukweni, yeye akiwatukana kwa kuwa wamemwona. Mganga wa viungo alilivuta goti, hospitalini wakalifunga, na pande zote mbili wakamwambia neno lile lile: mwambani basi.

Bamvua ya Novemba alimwita Subira.

"Chukua chuma. Leo nakuonyesha. Utanishika mkono."

Subira alimwachia Sefu mtoto, akajifunga leso mbili, akamtia mamake kwapani. Walikwenda polepole, hatua kwa hatua, na Mwanaima akauma meno kila goti lilipokunjika. Mwamba ulikuwa wa kijivu. Hapakuwa na wanawake wengine wengi. Kulikuwa kumebaki wachache wa kubahatisha.

"Hili lilikuwa Jiko," alisema. "Hapa, palipo na kokoto."

"Jiko," Subira akarudia.

"Hili Sahani. Limejaa tope."

"Sahani."

Wakaenda hivyo, mama akitaja, binti akiitikia, mfano wa mtoto na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mdomo wa Chewa, limeporomoka. Kwa Shutu, tupu. Subira alitia chuma kila mahali kwa bidii ya mtu aliyesubiri miaka mitatu, na kila mara kikatoka kitupu. Mashimo kumi, na kapu jepesi. Mwanaima alimwona binti yake akilitazama lile kapu, akajua anamwazia mtoto nyumbani na sufuria ya maji.

Uchaga lilikuwa mwisho kabisa, chini ya jiwe kubwa ambalo mawimbi hayakuliweza. Mwanaima aliinama akachungulia. Mlangoni palikuwa na vijiwe vimepangwa, vipya, vimebanana kama ukuta.

"Yumo!" alisema, na kwa furaha machozi yakamtoka. "Subira, yumo! Hili ni lako sasa. Yote ni yako, na hili ndilo..."

Alikuwa akivuta pumzi amalizie, ampe ile kanuni. Kwamba pweza akijijengea ukuta hivyo ni mlezi, yumo na mayai yake, hali wala hatoki hadi yaanguliwe, naye hufa hapo hapo mlangoni. Kwamba huyo haguswi. Kwamba Bi Mejumaa, hata mwaka wa njaa ya muhogo, alipita kando. Hakuna aliyemwambia Mwanaima kanuni hiyo kwa maneno. Aliiona kwa miaka mitatu akitembea nyuma ya mamake. Subira hakutembea nyuma ya mtu.

Alichosikia Subira ni yumo, na ni lako. Chuma kikaingia kikauvunja ukuta, akakizungusha, akavuta. Pweza akatoka bila kupigana, wa rangi ya majivu, na kwenye ncha ya chuma kulikuwa kumening'inia vishada vyeupe, vidogo vidogo mno, maelfu.

"Alhamdulillahi," Subira akasema akicheka. Kisha akauona uso wa mamake. "Mama? Nini? Nimekosea nini?"

Mwanaima alivitazama vile vishada vikidondoka dimbwini kimoja kimoja. Angepiga kelele. Angesema laana. Lakini alimwona mwanawe amesimama na chuma cha Bi Mejumaa, mwembamba, na leso zimelowa, akisubiri kuambiwa kama ambavyo amesubiri siku zote.

"Hujakosea," alisema. "Turudi. Maji yanajaa."

Jioni Subira alimpika pweza yule kwa nazi. Mtoto alipewa kwanza, akatafuna, akatema. Sefu akaonja kwa heshima, akasifu. Subira akatia kipande kinywani, akakitafuna muda mrefu, akakitoa akakitazama.

"Mama, mbona pweza huyu hana nyama? Kama maji matupu."

"Alikuwa hali," Mwanaima akasema. "Alikuwa analinda mayai yake. Pweza akijenga ukuta haguswi, Subira. Hiyo ndiyo kanuni."

Subira akaweka sahani chini, taratibu, akaisukuma mbali na mtoto.

"Miaka mitatu nakuomba," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, jambo ambalo lilimuumiza Mwanaima kuliko goti. "Ungeniambia hata hilo peke yake, mama. Mashimo ungekaa nayo."

Mwanaima alitaka kusema alikuwa angali na miguu. Akaivuta chini ya leso, yote miwili, akaificha.